Hili, Hilo na Lile: Vioneshi, Tasfida na Mkataba wa Mapenzi katika Sehemu ya "The Deal" ya Seinfeld

Ikisiri

Makala hii inahakiki sehemu ya "The Deal" ya tamthilia ya vichekesho ya Seinfeld, iliyorushwa na kituo cha NBC nchini Marekani tarehe 2 Mei 1991. Ni rahisi kuisoma sehemu hiyo kama jibu la swali la kale: je, mwanamume na mwanamke wanaweza kuwa marafiki tu? Makala inadai kwamba swali lake la msingi ni la kiisimu: je, jambo lisilotajwa kwa jina linaweza kutawaliwa kwa kanuni? Kwa kuchunguza vioneshi vinavyobeba tasfida ya sehemu hiyo na tatizo la kuvifasiri kwa Kiswahili, makala inaonesha kwamba mfumo wa vioneshi vitatu vya Kiswahili unafichua mpangilio wa mahusiano ambao Kiingereza kinaufunika. Inahitimisha kwamba mkataba wa wahusika unavunjika mahali walipodhani hapahitaji ulinzi, yaani katika urafiki wenyewe.

1. Utangulizi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitumia sehemu moja ya Seinfeld katika semina ya uzamili ya tafsiri. Sababu yangu ilikuwa ya kiufundi. Nilitaka wanafunzi wakutane na matini ambayo ugumu wake haumo katika msamiati. Maneno yanayoibeba sehemu hiyo ni "this" na "that", maneno ambayo mtoto wa darasa la kwanza la Kiingereza anayajua. Hata hivyo kila mwaka semina nzima ilikwama juu ya maneno hayo mawili.

Mwaka mmoja mwanafunzi mmoja alileta tafsiri iliyotumia vioneshi vitatu mahali ambapo, kwa sehemu kubwa ya matini, Kiingereza kina viwili. Nilimwandikia pembeni kwamba ameongeza maana isiyokuwamo katika matini chanzi, nikampa alama hafifu. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi tangu wakati huo, na sasa naamini kwamba yeye aliisoma vizuri kuliko mwalimu wake. Makala hii ni jaribio la kueleza kwa nini.

Seinfeld, iliyobuniwa na Larry David na Jerry Seinfeld, ilioneshwa kuanzia 1989 hadi 1998 kwa misimu tisa. Inahusu marafiki wanne wa mjini New York: Jerry, mchekeshaji wa jukwaani, Elaine Benes, aliyewahi kuwa mpenzi wake, George Costanza, rafiki yake wa tangu utotoni, na Kramer, jirani wa mlango wa pili asiyebisha hodi. Kanuni inayohusishwa na waandishi wake ni kwamba wahusika wasikumbatiane wala wasijifunze lolote. "The Deal", iliyoandikwa na Larry David na kuongozwa na Tom Cherones katika msimu wa pili, ni miongoni mwa sehemu chache ambamo kanuni hiyo inajaribiwa kwa dhati.

2. Mkataba na kanuni zake

Jerry na Elaine wameketi nyumbani kwa Jerry wakitazama televisheni. Wakibadilisha vituo wanakutana na picha za watu walio uchi, na mazungumzo yanaangukia penye jambo ambalo wote wawili walikuwa wakilifikiria. Waliwahi kuwa wapenzi, wakaachana, na sasa ni marafiki. Je, haiwezekani kulirudisha lile la zamani bila kuuharibu urafiki wa sasa? Urafiki wanauita "this". Tendo wanaliita "that". Kuanzia hapo hawalitaji kwa jina lingine.

Kisha wanatunga kanuni. Ya kwanza: hakuna kupigiana simu siku inayofuata. Ya pili: kulala kwa mwenzio ni hiari. Ya tatu inahusu busu la kuagana, nalo wanaliondoa kwa hoja kwamba ni desturi ya watu wa tabaka la kati. Kila kanuni inapopita wanaipitisha kwa lugha ya mzaha inayoiga matamko ya watawala wa kale.

Mzaha huo usitupotoshe. Kwa istilahi za Austin katika kazi yake ya mwaka 1962, tunachokishuhudia ni matendo uneni: kwa kusema, wawili hawa wanaanzisha hali ambayo haikuwapo. Austin alisisitiza kwamba tendo uneni hufaulu pale tu masharti yake yanapotimia, na miongoni mwa masharti hayo ni kuwapo kwa utaratibu unaokubalika katika jamii. Ndoa inao utaratibu huo, uchumba unao, hata talaka inao. Jerry na Elaine hawana utaratibu wa kuuegemea; wanautunga wakiwa kitini. Wanaiga sauti ya mamlaka kwa kuwa hawana mamlaka yoyote nyuma yao. Kicheko cha mtazamaji kinatoka hapo, na ndipo pia ilipo hatari inayowasubiri.

George, anaposimuliwa habari hizi, anatilia shaka mara moja. Kwa maoni yake wanadamu wamelijaribu jambo hilo kwa maelfu ya miaka na hakuna aliyefanikiwa. Wakati huohuo anadai asimuliwe kila kitu kwa undani. Tutairudia nafasi yake, kwa sababu kwa mfasiri wa Kiswahili George ni tatizo la kisarufi.

3. Ngeli ya lisilo na jina

Kiingereza kinaweza kukitaja kitu kwa kioneshi kitupu bila kueleza ni kitu cha aina gani. Kioneshi cha Kiswahili hakisimami bila ngeli. Kusema "hiki" ni kudai kwamba kinachooneshwa ni kitu. Kusema "huyu" ni kudai kwamba kina uhai. Mfasiri anayekutana na "this" na "that" katika matini hii analazimika kuamua jambo ambalo wahusika wenyewe wanalikwepa: mapenzi yasiyo na jina ni ya ngeli gani?

Wanafunzi wangu wamejaribu karibu njia zote. "Hiki na kile" inayageuza mapenzi kuwa vitu, na katika muktadha wa mwili inaelekea kwenye ukosefu wa adabu ambao Kiingereza cha sehemu hii hakina. "Hii na ile" inasikika kama mtu anayechagua shati dukani. "Huu na ule" inautaja urafiki au uhusiano mapema mno, na hivyo inaondoa fumbo. "Haya na yale" ina mvuto, kwa kuwa "mambo yale" ni tasfida iliyozoeleka. Lakini wingi wake unalitawanya tendo na kulipa harufu ya umbeya, kana kwamba wasemaji wanawasengenya watu wengine.

Inabaki ngeli ya LI-YA katika umoja: hili, hilo, lile. Ngeli hii ndiyo makao ya asili ya yale ambayo Kiswahili hukataa kuyapa jina, na ushahidi umo katika methali. Tunasema "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja"; tunasema "La kuvunda halina ubani". Nomino haitajwi katika methali hizo, na hakuna msikilizaji anayeuliza nomino ipi. Jambo, neno na tendo, zote zinamo katika ngeli hiyo, na kila moja inaweza kuwa ndiyo iliyokusudiwa.

Faida nyingine ni ya tasfida. Tasfida yetu ya heshima kuliko zote katika uwanja huu ni "tendo la ndoa". Mfasiri hawezi kuitumia hapa, kwa sababu inalifunga tendo na taasisi ambayo mkataba wa Jerry na Elaine uliundwa ili kuikwepa. Akisema "hilo", upatanisho wa kisarufi unabakiza kivuli cha neno "tendo" huku ndoa ikiachwa nje ya mlango. Hivyo ndivyo wahusika wenyewe walivyotaka.

Sasa tuje kwenye idadi. Kiingereza sanifu cha leo kina daraja mbili za uelekezi, karibu na mbali. Kiswahili kina vioneshi vitatu, na cha kati, kile chenye "o" ambayo Ashton (1944) aliiita O ya urejeleo, hakipimi umbali peke yake. Kinaonesha kilicho karibu na msikilizaji, au kilichokwisha kutajwa na kujulikana baina ya wazungumzaji. Ukisema "hilo" unamwambia mwenzako kwamba nyote wawili mnalijua.

Je, "that" ya Jerry na Elaine ni "lile" au ni "hilo"? Kosa langu la zamani lilikuwa kudhani kwamba jibu ni "lile" kwa kuwa Kiingereza kinalipinga na "this". Matini yenyewe inasema vingine. Hawa ni watu waliowahi kupendana. Tendo haliko mbali nao. Linakumbukwa na wote wawili, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake analikumbuka. Kwao tendo ni "hilo". "Yaliyopita si ndwele," husema Waswahili, "tugange yajayo". Lakini mkataba huu unataka kuyafufua yaliyopita bila kuyaganga yajayo.

Kama tendo ni "hilo", ni nini "lile"? Sehemu inajibu karibu na mwisho wake. Elaine anapodai zaidi ya walichokubaliana, madai yake yanawekwa katika nahau ya Kiingereza yenye viungo vitatu: "this, that and the other". Kwa kawaida nahau hiyo humaanisha mambo mengi yasiyo na uzito, kama sisi tunavyosema kwamba tulizungumza hili na lile. Larry David anaifungua nahau iliyokufa na kurudisha uhai katika kila kiungo: urafiki, tendo, na kile cha tatu ambacho hakuna aliyethubutu kukitaja tangu mwanzo. Kiingereza kimelazimika kuazima nahau ili kupata nafasi ya tatu. Kiswahili kilikuwa nayo siku zote: hili, hilo na lile. Lililo mbali ni pendo.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba usomaji huu unaipachika matini chanzi tofauti isiyo yake. George ndiye anayelijibu. Yeye hakuwapo, tendo hilo si kumbukumbu yake. Kinywani mwake "that" lazima liwe "lile", na mfasiri anayemwacha George aseme "hilo" anamfanya mshirika wa siri ambayo anaililia aambiwe. "Lile" moja, basi, ni tendo anaposema George na ni pendo anaposema Elaine. Huu si mkanganyiko. Kioneshi kinaonesha nafasi ya kitu kwa anayesema. Kwa George lililo mbali ni mwili. Kwa wawili hawa lililo mbali ni moyo. Tofauti hiyo imo katika tamthilia, ila Kiingereza hakikuwa na njia ya kuiweka juu ya ulimi.

4. Kulala na "kulala"

Kanuni ya pili inastahili kutazamwa peke yake. Hoja inayoitangulia ni kwamba usingizi ni jambo moja na tendo ni jingine, na haieleweki ni nani aliyeyafunga pamoja. Kwa mwanaisimu swali hili lina jibu: aliyeyafunga ni tasfida. Kiingereza, kama Kiswahili, hutumia kitenzi cha usingizi kulifunika tendo. "Kulala na mtu" hakuna anayekuelewa kama kusinzia. Jerry na Elaine wanataka kukirudishia kitenzi maana yake ya awali, kulala kuwe kulala.

Wanashindwa mara moja, na ugomvi wao wa kwanza unatokea hapo. Jerry yuko kwa Elaine, anataka kwenda kulala kwake, Elaine anaumizwa, Jerry anaitaja kanuni. Kwa mujibu wa mkataba Jerry ana haki, lakini haki yake haimsaidii. Neno "hiari" lina maana pale tu ambapo kuchagua hakusemi kitu. Mtu mwenye hiari ya kubaki, akiondoka, amesema kwamba hakutaka kubaki. Hili linakubaliana na ufafanuzi wa Grice wa maana dokezwa: pale msemaji anapoweza kusema zaidi naye akasema pungufu, upungufu huo unasomwa. Kanuni iliondoa wajibu wa kubaki, na kwa kuuondoa ikakipa kila kitendo cha kubaki au kuondoka maana ambayo wajibu ungeificha. Mume anayelala nyumbani hasemi lolote kwa kulala nyumbani. Jerry hana kimya cha aina hiyo.

5. Dola 182 na benchi

Siku ya kuzaliwa ya Elaine inafika. Jerry anazunguka dukani na George akitafuta zawadi, na mazungumzo yao ni somo fupi la semiotiki. Vinara vya mishumaa vina mahaba mno; nguo za ndani zina tamaa mno; mashine ya kuoka waffle ni ya kinyumba mno; sanamu ya Nelson Rockefeller ina ugavana mno. Mfano huo wa mwisho, unaomtaja gavana wa zamani wa New York, ni upuuzi wa makusudi, lakini unathibitisha hoja: kila kitu duniani kinasema jambo, na Jerry anatafuta kitu kisichosema.

Anadhani amekipata. Anampa Elaine fedha taslimu, dola 182. Elaine anapigwa na butwaa, kwa maana fedha ni zawadi ya mjomba. Papo hapo Kramer anaingia na zawadi yake: benchi ambalo Elaine alikuwa akilitamani, na kadi yenye maneno ya mshairi W. B. Yeats kuhusu urafiki. Elaine anamkumbatia.

Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alionesha kwamba hakuna zawadi iliyo huru. Kila kitolewacho hubeba sehemu ya mtoaji na humfunga mpokeaji. Fedha ndiyo iliyo karibu zaidi na kutobeba chochote, na kwa hiyo Jerry aliichagua. Tusiharakishe kusema kwamba fedha ni baridi kila mahali. Katika kumbi zetu za taarabu noti hutolewa hadharani, kwa madaha, kumtunza mwimbaji, na kila anayetazama hujua nani katunza, wakati wa ubeti gani, na kwa nini. Fedha yaweza kusema mengi pale utamaduni unapoipa sarufi. Ya Jerry haina sarufi. Kiasi chake chenyewe, mia moja themanini na mbili, kinasikika kama salio la hesabu.

Mara nyingi tukio hili huelezwa kwa wepesi: Elaine alitarajia zawadi ya mpenzi akapewa ya mtu baki. Benchi la Kramer linalikanusha elezo hilo. Kramer si mpenzi wake na wala hataki kuwa. Alichotoa ni zawadi ya rafiki: alimsikia Elaine akikitaja kitu, akakikumbuka, akakileta. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Kilichokosekana katika dola 182 ni "hili", urafiki wenyewe ambao mkataba mzima ulitungwa ili kuulinda. Kabla ya mkataba Jerry angemnunulia Elaine zawadi bila kufikiri mara mbili. Baada yake, kila tendo la kirafiki limekuwa na hatari ya kusomwa kama "lile", naye anajizuia asilitende. Kanuni zililizungushia ua "hilo". Aliyekufa kwa kiu nje ya ua ni "hili".

Ndiyo maana siwezi kuikubali kauli kwamba sehemu hii inathibitisha kwamba mwanamume na mwanamke hawawezi kuwa marafiki. Kramer na Elaine ni marafiki mbele ya macho yetu, na hawana kanuni hata moja.

6. Tathmini

Sifa hizi hazifuti kasoro. Ya kwanza ni kwamba gharama ya mkataba inaonekana zaidi kwa Elaine. Wote wawili walizitunga kanuni kwa furaha sawa, lakini maumivu tunayooneshwa ni yake, na kazi ya kulitaka "lile" imeachwa kwake, kana kwamba ni jambo linalojulikana kwamba mwanamke ndiye atakayechoka kwanza. Julia Louis-Dreyfus analiigiza shaka na hasira kwa namna inayoizidi matini. Elaine wake haombi, anahoji. Hata hivyo mgawanyo wa majukumu ni wa kimazoea, na matini iliyokuwa kali kiasi hiki katika lugha ingeweza kuwa kali katika jambo hilo pia.

Ya pili ni mwisho. Onyesho la mwisho linatuonesha Jerry na Elaine wakiwa wapenzi, na Kramer anawaambia kwamba aliwapenda zaidi walipokuwa hawajawa hivyo. Msimu wa tatu unapoanza, Septemba 1991, wamerudi kuwa marafiki, na hakuna maelezo. Mtu anaweza kutetea kwamba huo ndio uaminifu kwa kanuni ya kutojifunza. Mimi naona kwamba ni kukwepa. Sehemu ililipa jina jambo lisilo na jina, angalau kwa kioneshi, kisha tamthilia ikanyamaza. Swali la nini kilifuata baada ya "lile" kupatikana ndilo pekee ambalo mtazamaji alistahili kujibiwa.

Linganisha na "The Contest" ya mwaka 1992, ambayo nayo iliandikwa na Larry David na ikampatia tuzo ya Emmy. Humo pia tendo zima halitajwi. Lakini kutotaja huko ni mchezo wa ustadi dhidi ya udhibiti wa televisheni. Hakuna moyo wa mtu unaotegemea neno lililofichwa. Katika "The Deal" wahusika wanajificha wenyewe, na ndiyo sababu naiona kuwa kazi nzito zaidi, pamoja na mapungufu yake.

7. Hitimisho

Kwa mwalimu wa tafsiri, sehemu hii ina funzo la kiutendaji. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba lugha pokezi hupoteza kitu kila inapofasiri, na kwamba kazi yao ni kupunguza hasara. Vioneshi vya "The Deal" vinaonesha hali ya kinyume: lugha pokezi inailazimisha matini kuamua kile ilichokiacha wazi, na katika kuamua huko inaonesha kilichokuwamo. Mfasiri aliyeandika "hili, hilo na lile" hakuongeza maana. Alilijibu swali ambalo sarufi yake ilimuuliza, na jibu lake lilitoka ndani ya matini.

Kwa mhakiki, funzo linahusu kanuni na ukimya. Jerry na Elaine walidhani kwamba lisilo na jina haliwezi kudai chochote. Walisahau kwamba "hilo" ni kioneshi cha watu wawili wanaojuana. Kila walipolitamka walikuwa wakikiri kwamba wanakumbuka pamoja, na watu wanaokumbuka pamoja tayari wamefungwa na jambo ambalo mkataba haukuliandika.

Yule mwanafunzi alihitimu zamani na alama yake haibadiliki. Tangu mwaka huu, hata hivyo, zoezi hilo linasahihishwa kwa mwongozo mwingine, na tafsiri yake ndiyo inayotolewa kuwa mfano.